Nilimfunga kwenye mkorosho hadi asubuhi. Je, nina kosa?

SWALI: Bi Mshauri, salaam. Mimi ni mkulima wa korosho, umri miaka 63, naishi kijiji kimoja upande wa Mahuta, wilaya ya Tandahimba. Mwezi wa kumi na moja, saa tano usiku, mimi na wanangu wawili tulimkuta kijana shambani kwangu akiokota korosho kwa tochi ya simu. Alishajaza kiroba kimoja na cha pili kilifika nusu. Tulimkamata, tukamfunga kamba kwenye mkorosho. Majirani wakaja, wakamchapa fimbo. Mimi sikumpiga hata moja. Saa mbili asubuhi tukampeleka kwa mtendaji wa kijiji, naye akaita polisi. Sasa ndugu zake wanadai laki nne za matibabu, la sivyo watatushtaki. Mwizi ni yeye, iweje nishtakiwe mimi?
Mkulima, Tandahimba

JIBU: Shikamoo, baba. Nimezaliwa Newala, na ada yangu ya sekondari ilitoka chini ya mikorosho, kwa hiyo sihitaji kuelezwa maana ya kiroba kimoja na nusu. Umefyeka, umepulizia salfa, umeokota moja moja hadi kiuno kinakataa kunyooka, halafu mtu anakuja usiku kuvuna jasho lako. Hasira yako ni ya haki. Nakuomba tu unisikilize hadi mwisho, maana yapo nitakayosema ambayo hutayapenda.

Kumkamata hukukosea. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia wa kawaida, asiye na sare wala kibali cha mahakama, kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, kwa makosa ambayo sheria yenyewe imeyataja. Kwa anayeonekana akiharibu mali, inamtaja mwenye mali, watumishi wake na wale aliowaruhusu. Katika toleo la 2022 utayakuta hayo kwenye kifungu cha 16. Wewe ulikuwa shambani kwako, ukamwona kwa macho yako, viroba viko miguuni pake. Ungemfuata kwao kesho yake kwa sababu tu mtu amekwambia ana mikono myeusi, ningekwambia umekosea. Mafuta ya ganda la korosho yanaacha madoa kwa kila anayebangua, na wakati wa msimu nusu ya Tandahimba ina mikono hiyo.

Tatizo lilianza baada ya kamba. Sheria hiyohiyo inasema anayekamata asitumie nguvu kuliko zinazohitajika kumshika mtu au kumzuia asitoroke, wala asimdhalilishe. Wanaume watatu mmemzunguka, ameketi chini, viroba mmemnyang'anya. Kwa kumfunga mikono ili asikimbie unaweza kujitetea mbele ya hakimu. Kwa kumbana kwenye mti usiku kucha, kujitetea ni kazi ngumu zaidi. Fimbo hazina utetezi kabisa. Fimbo ni adhabu, na adhabu hutolewa na mahakama peke yake. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kuhesabiwa mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia, na inakataza kumtesa au kumpa adhabu ya kumtweza. Haisemi "isipokuwa mwizi wa korosho."

Unasema wewe hukumpiga. Naamini. Lakini baba, nani alimfunga? Nani alikuwa mwenye shamba pale? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inawagusa waliosaidia na waliokuwa na nia moja na wapigaji, hata kama mikono yao haikushika fimbo. Mtu uliyemfunga kamba hawezi kukimbia wala kujikinga. Ukimwacha majirani wamchape nawe umesimama na taa, hakimu atakuuliza ulifanya nini kuwazuia. Kushambulia na kumdhuru mtu mwilini kunaweza kufikisha kifungo cha miaka mitano. Na angekufa? Kuua kwa kukusudia adhabu yake katika nchi hii ni kunyongwa, na kuua bila kukusudia kunaweza kuleta kifungo cha maisha. Nimewahi kukaa na mama mmoja ambaye wanawe wote wawili walikuwa mahabusu kwa kesi ya namna hiyo. Msimu ule shamba lake halikuokotwa, korosho zilichipua chini ya miti.

Kuna suala la saa pia. Raia akimkamata mtu anatakiwa amkabidhi kwa polisi, au ampeleke kituo kilicho karibu, bila kuchelewa pasipo sababu. Saa tano usiku hadi saa mbili asubuhi ni saa tisa. Najua njia za huko usiku, na najua pikipiki haipatikani kirahisi. Hiyo ni sababu, lakini lazima uweze kuieleza: ulimpigia nani, saa ngapi, akajibu nini. Kama kwenye simu yako bado kuna namba ulizopiga usiku ule, usizifute. Kama hukupiga hata moja, useme ukweli. Namba ya dharura ya polisi ni 112, hailipiwi, na mwenyekiti wa kitongoji huamshwa usiku kwa mambo kama haya.

Sasa hizo laki nne. Wizi ni kesi moja, kipigo ni kesi nyingine. Kosa lake halifuti lako, na lako halifuti lake. Kama alijeruhiwa, alipaswa kupewa na polisi fomu ya PF3 ili atibiwe, na maelezo ya daktari yataonyesha alivyoumia. Kuchangia matibabu kwa ubinadamu mnaweza, mbele ya wazee na kwa maandishi. Ila msikubaliane kwa siri kwamba ninyi mnalipa au wao wanalipa ili kesi ifichwe polisi. Kupokea kitu ili kuficha kosa la jinai ni kosa jingine kabisa, nami nimeona watu waliokuja na tatizo moja wakaondoka na mawili. Nenda kituoni wewe mwenyewe na wanao, toeni maelezo. Vile viroba, kama bado viko kwako, usivipeleke chama cha ushirika (AMCOS) kupima. Ni vielelezo, vikabidhi kama vilivyo.

Kabla ya kusaini chochote na ndugu wa kijana, onana na wakili au msaidizi wa kisheria wilayani kwako. Sisi wasaidizi tunatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na huduma yetu ni bure.

SWALI: Nauza vitenge Lindi mjini. Kilipotea kimoja. Msichana mmoja alikuwa amebaki peke yake karibu na vitenge, nikafunga mlango na kumpekua, nikaumwaga mkoba wake mezani mbele ya wateja. Sikukuta kitu. Anasema atanishitaki. Anaweza?
Mama Vitenge

JIBU: Anaweza, dada yangu. Ulimwona akichukua? Barua yako haisemi hivyo, inasema "alikuwa amebaki peke yake." Hiyo ni shaka. Kumfungia mtu ndani bila haki ni kosa la jinai, na anaweza pia kukudai fidia kwa madai ya kawaida. Mkoba wake hukuwa na mamlaka ya kuumwaga mezani mbele ya wateja. Ungemwona kwa macho akikiweka ndani ya mkoba, ungemzuia kwa heshima, ukamwambia wazi anazuiwa kwa kosa gani, ukaita polisi, na upekuzi ukafanywa na askari wa kike. Kwa sasa mtafute, nenda na mtu mzima mwenye busara, umwombe radhi mbele ya waliomwona akipekuliwa. Radhi ya chumbani haitamrudishia jina lake mtaani.

SWALI: Mimi bodaboda, Mtwara mjini. Nikisikia "mwizi! mwizi!" nikamfukuza mtu, nina kosa?
Dereva, Mtwara

JIBU: Mdogo wangu wa tumbo moja alifukuzwa stendi kwa kelele hizo. Alikuwa anakimbilia basi. Mwenye mkoba alifika baadaye akasema siye, na wakati huo jicho la kushoto lilishapotea. Leo akitaka kumimina chai hutanguliza kidole ukingoni mwa kikombe, ajue kiko wapi.

Kelele hazitoshi, kijana wangu. Haki ya raia kukamata imejengwa juu ya kosa lililotendwa mbele yake, na wewe ulichokipata ni sauti ya mtu usiyemjua. Mfuate kwa mbali, shika alama za nguo na njia aliyopita, piga 112. Ukifika ameshazungukwa, simamisha pikipiki yako kati yake na watu, uwaambie polisi wanakuja. Na kama wewe ndiye umeona kwa macho yako akipora, mshike, mwambie kwa nini umemshika, mpeleke kituoni na shahidi mmoja, na mawe yabaki chini.