Funga raba zako fundo mbili: ushauri kwa anayekwenda Afropunk

Afropunk ni tamasha la muziki na utamaduni wa Weusi lililoanzia Brooklyn, New York. Lile la 2011 lilifutwa kwa sababu ya kimbunga Irene, kwa hiyo mimi niliyehamia Brooklyn mwaka ule nilisubiri mwaka mzima. Agosti 2012 ilipofika, nikajipamba kama naenda harusini, na miguuni raba nyeupe mpya. Kosa. Commodore Barry Park, uwanja lilipofanyika tamasha miaka ile, ilikuwa majani yaliyokanyagwa na vumbi, na jua la Agosti New York si la mchezo.

Mbele ya jukwaa watu walikuwa wamefanya duara, wanagongana mabega. Nikaingia kushangaa, nikapigwa kikumbo, nikaanguka. Kabla sijajua nini kimetokea, mikono mitatu ilikuwa imeshanishika makwapani na kuniinua. Dada mmoja mwenye pete puani akasimama mbele yangu kama ukuta hadi nikapata pumzi. Kiatu cha kushoto kikawa kimekwenda. Hiyo ndiyo sheria ya duara: anayeanguka anainuliwa papo hapo. Ukisimama pembeni na simu umeirefusha, hujaona kitu.

Watu wa nyumbani huwa wananiuliza: Weusi na panki, ule muziki wa magitaa ya kelele na kasi, wapi na wapi? Huwa nawajibu kwamba bendi ya Death, ndugu watatu wa Detroit, walirekodi muziki wa namna hii 1975, na bendi ya Bad Brains ya Washington ikaja kuufanya uende kasi kuliko wengi. Afropunk yenyewe ilitokana na filamu ya James Spooner ya 2003, iliyohoji vijana Weusi waliojiona peke yao kwenye maonyesho ya panki. Tamasha la kwanza likafanyika 2005.

Upande wa skeiti, yaani ubao wa magurudumu, ukiukuta, nenda mapema, kabla umati haujajaa. Saa hizo rampu zina nafasi na wenyeji wana subira. Salimia kwanza, tazama zamu zinavyokwenda, na usikatishe njia ya mtu anayeshuka. Utamvunja yeye na utavunjika wewe. Mimi niliazimwa ubao na kijana wa miaka kama kumi na miwili, akanionyesha pa kuweka mguu wa nyuma, nikaenda hatua tatu nikakaa chini kwa makalio. Wakagonga mbao zao sakafuni, ka-ka-ka. Nikadhani wananizomea. Kumbe ndiyo makofi yao.

Sasa suala la pesa. Miaka ile kuingia kulikuwa bure. Kuanzia 2015 wakaanza kutoza, na nilinung'unika sana, kwa sababu vijana wa majengo ya jirani ndio walioujaza uwanja ule tangu mwanzo. Sijabadili msimamo huo. Lakini palikuwa na njia ya kupata tiketi kwa kujitolea kazi za kijamii, na hiyo ndiyo ningekushauri uitafute kwenye tamasha lolote la namna hii, hata kama mfuko wako unaruhusu kununua. Nilipalilia bustani ya mtaa Jumamosi mbili. Nilikwenda mle simjui mtu. Siku ya tamasha nilikuwa na watu sita wa kukaa nao, mmoja kaja na maji ya barafu, mwingine na vizibo vya masikio vya ziada.

Vizibo usisahau, spika zile hazina huruma. Raba vaa za zamani.