Mkono Nao Hushika Somo

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ishara za mikono na michezo ya viungo darasani humsaidia mtoto kukumbuka somo, ama ni kupoteza wakati?" Mimi hufundisha madarasa ya chini hapa Amu, yaani Lamu, na jibu langu ni kwamba humsaidia, tena sana, kwa sharti moja: ishara yenyewe ibebe maana ya kile kinachofundishwa. Somo likisema jambo moja na mkono ukisema jingine, hiyo ni shamrashamra tu.

Chukueni hesabu za kuzidisha. Darasa likipiga makofi huku likiimba "mbili mara tatu ni sita", watoto huchangamka, na kuchangamka si haba saa sita mchana mabati yakiwa yamepata moto. Lakini makofi hayohayo yangefaa kwa majina ya miezi au kwa wimbo wowote ule. Hayana habari ya mbili wala ya tatu. Sasa mwambie mtoto afungue kiganja, aguse kwa kidole gumba pingili za kidole cha shahada: moja, mbili, tatu. Ahamie kidole cha kati: nne, tano, sita. Ni vidole viwili, kila kimoja kina pingili tatu, na ile sita ameigusa mwenyewe. Akimaliza vidole vinne amefika kumi na mbili, na hahitaji kuambiwa nne mara tatu ilitoka wapi. Watoto wetu wengi pingili hizo wamezizoea, maana huwaona babu na nyanya zao wakihesabia nyiradi baada ya swala. Chuoni, yaani madrasa, nako ni hivyohivyo kwa herufi za Kiarabu: bee nukta moja chini, tee mbili juu, thee tatu juu, na vidole vinatoka pamoja na sauti. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya semina zozote za walimu.

Wataalamu nao wamelipima. Mwaka 2008 Susan Wagner Cook, Zachary Mitchell na Susan Goldin-Meadow wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu watoto wa darasa la tatu na la nne waliofundishwa hesabu za namna hii: 4 + 3 + 6 = __ + 6. Mtoto asiyeielewa alama ya usawa hujumlisha kila anachokiona akaandika 19, au huishia kwenye alama akaandika 13. Kundi moja lilifunzwa kutamka kwa maneno kwamba upande huu uwe sawa na ule. Kundi jingine lilifunzwa kuonyesha tu, mkono wa kushoto ukipita chini ya upande wa kushoto na wa kulia chini ya upande wa kulia. La tatu lilifanya yote mawili. Siku ya somo, makundi yote yalifaidika. Baada ya wiki 4, waliotumia mikono walikuwa wamelishika somo kuliko waliotumia maneno peke yake. Hizo wiki 4 ndizo zinazonigusa mimi kama mwalimu. Karibu kila somo huonekana limeingia kengele inapolia. Kazi ni kulikuta bado lipo mwezi ukigeuka.

Nimeifanya hesabu hiyo ubaoni na watoto wangu. Msichana mmoja, mtulivu, asiyependa kuitwa mbele, aliweka kiganja cha kushoto chini ya 4 + 3 + 6, cha kulia chini ya ile nafasi tupu na 6 yake. Alikaa hivyo kitambo, kisha kiganja cha kulia akakiinua kidogo kama kilicho chepesi. Akasema, "Mwalimu, huku hakujatimia." Nikamuuliza pamepungua nini. Akazifunika zile sita mbili, moja kwa kila mkono, akabaki na 4 na 3 zikimtazama. "Saba," akasema. Kuzifunika sita hakufundishwa na mtu. Mikono yake ndiyo iliyomwonyesha njia.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la pande za dunia. Kitabuni kuna mchoro wa dira, kaskazini iko juu, na mtoto akiukariri hivyo huamini kaskazini iko kwenye dari. Sisi hutoka uwanjani. Nawaambia waelekee kibla. Hakuna anayebabaika, maana wengi wamesimama safuni na baba zao tangu wakiwa wadogo, na wale wasio Waislamu wanajua vizuri msikiti wa mtaani mwao umeelekea wapi. Sasa, kwa jinsi tulivyokaa kwenye ramani, Makka iko karibu kaskazini kamili ya Lamu. Tofauti ya longitudo haifiki digrii 2. Basi uso umeelekea kaskazini. Mkono wa kulia ukinyooshwa unaelekea Manda, ng'ambo ya maji, jua linakochomoza. Wa kushoto unaelekea linakotua. Mgongoni ni upande wa Shela, kusini.

Hadi hapo ni kukariri tu, ingawa ni kukariri kwa mwili. Somo lenyewe linaanza ninapowageuza: "Kila mtu aelekee Manda! Kaskazini iko mkono gani?" Utaona mikono ya kulia inaanza kupanda kwa mazoea, inasita, inashuka, kisha ya kushoto inanyooka mmoja mmoja. Mwili umegeuka lakini Makka haikugeuka. Mtoto aliyelipata hilo kwa mabega yake, mpe ramani yoyote ataielekeza.

Kuna jambo ambalo walimu wapya hulipita hapa. Ukisimama ukiwatazama watoto, kulia kwako ni kushoto kwao. Ukinyoosha mkono wa kulia, wengine wataiga mkono na wengine wataiga upande, na darasa limeshagawanyika kabla hujasema neno. Katika somo hili mimi huwapa mgongo, sote tukaelekea upande mmoja, na kiranja akaniangalilia nyuma.

Kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wa hapa ni lugha ya kitabuni zaidi kuliko ya mtaani, ishara ina kazi kubwa vilevile. Manuela Macedonia na wenzake mwaka 2011 waliwafunza watu wazima maneno ya lugha ya kubuni. Mengine yalikwenda na ishara inayofanana na maana yake, mengine na ishara isiyo na maana yoyote. Yale yenye ishara ya maana ndiyo yaliyokumbukwa zaidi. Kwa hiyo neno la kumimina, tunamimina. Neno la kupanda ngazi, tunapanda. Hatupungi mikono hewani kwa ajili ya kupunga.

Wazazi wana wasiwasi wao, na siwalaumu. Mama mmoja alinijia akasema, "Mwalimu, mwanangu akirudi nyumbani huonyesha mikono tu, daftari halijai. Kwani hawaandiki?" Nilimwita mtoto, nikamwomba amweleze mamake mkono wake unafanya nini. Akaeleza, kisha akaandika. Hicho ndicho kipimo changu siku zote: mtoto asiyeweza kueleza ishara yake ina maana gani anaiga wenzake, hajasoma bado. Kwa hiyo daftari lipo, na linajaa, ila linakuja nyuma ya mkono.

Linaloniuma zaidi ni la mtihani. Mwalimu mgeni aliyekuja kusimamia aliwahi kumkaripia mwanafunzi wangu kwa kuchezacheza. Mtoto alikuwa kimya, macho kayafumba, kidole gumba kikitembea kwenye pingili chini ya dawati. Aliamriwa aweke mikono juu ya meza, akabaki ameduwaa mbele ya swali alilokuwa akilijua. Tumeingia Mtaala wa Umilisi tangu 2019, tunasema mtoto aonyeshe anachoweza kufanya, halafu tunamfunga mikono siku tunapompima! Nawaomba wasimamizi: kidole kinachohesabu si kuiba mtihani.

Mtauliza kama atahesabu kwa vidole mpaka uzeeni. La. Ishara hupungua yenyewe. Mwanzo ni mkono mzima, baadaye ni kidole kinachogonga paja, kisha ni bega linalotikisika kidogo, kisha huoni kitu na jibu linatoka. Mwalimu asiikate mapema, wala asiidai kwa mtoto ambaye ameshaipita. Na mtoto mwenye mkono usio na nguvu huonyesha kwa kidevu au kwa macho. Maana ndiyo inayotafutwa, si gwaride.

Kuhusu nafasi, najua madarasa yetu yalivyobanana, watoto watatu au wanne dawati moja. Mimi huchagua ishara zinazofanyika kuanzia kiwiko kwenda mbele, bila kumgusa jirani, na za mwili mzima naziweka kwa siku za uwanjani. Ishara moja au mbili kwa somo zinatosha. Zikizidi, mtoto anaanza kukariri ishara na kusahau somo.

Nyumbani, mzazi asimuulize mtoto "Leo mmesoma nini?", maana jibu ni "Hakuna" kila siku. Amwambie, "Nionyeshe." Asubiri mikono ianze, ndipo amuulize ile ishara ina maana gani.