Maswali Yenu: Frank Lampard, Kutoka Kiungo Hadi Kocha

Safu iliyopita niliandika kwamba Frank Lampard, kiungo wa zamani wa Chelsea na England, anahukumiwa haraka mno kama kocha. Mmenijibu kwa wingi, wengine kwa hasira. Leo nachukua maswali matano.

Shikamoo mwandishi. Ni kweli pale West Ham alibebwa na ukoo? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Ukoo ulikuwepo. Baba yake aliichezea West Ham miaka mingi, kisha akawa kocha msaidizi, na kocha mkuu, Harry Redknapp, alikuwa amemuoa pacha wa mama yake. Maneno hayo yalimwandama mpaka mashabiki wa timu yake mwenyewe wakawa wanamzomea. Mwaka 2001 Chelsea wakamnunua kwa pauni milioni 11. Alipoondoka 2014 alikuwa amecheza mechi 648 na kufunga magoli 211, rekodi ya klabu. Kubebwa hakumfikishi mtu huko.

Kiungo anafungaje magoli mengi hivyo? (Msomaji, Nakuru)

Tafuta mechi zake za zamani, halafu acha kuutazama mpira, mtazame yeye. Krosi inaandaliwa pembeni, washambuliaji wanakimbilia golini, mabeki wanawafuata. Lampard yuko nje ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, amesimama kama hayumo. Mabeki wakishazama ndipo anaanza kukimbia, na mpira ukirudishwa nyuma unamkuta peke yake, mwili umeshageukia lango. Hatulizi, anapiga palepale. Shuti likimgonga beki na kumpoteza kipa, watu walisema ana bahati. Sasa hesabu: kuanzia msimu wa 2003/04 hadi 2012/13 alifunga magoli 10 au zaidi ya ligi kila msimu. Misimu kumi mfululizo! Wa 2009/10 alifikisha 22.

Lile goli la Ujerumani lilikuwaje? Mimi nilikuwa mdogo. (Msomaji, Tanga)

Bloemfontein, Juni 27, 2010, England dhidi ya Ujerumani, hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia. Ujerumani wanaongoza 2-1, dakika ya 38. Lampard anaupiga mpira wa juu kutoka ukingoni mwa kumi na nane, unagonga mtambaa panya, mwamba wa juu wa goli, unadundia ndani ya mstari kabisa, kisha unatoka. Kipa wa Ujerumani, Manuel Neuer, anaudaka na kuanzisha mchezo haraka. Mwamuzi hakuona, mshika kibendera hakuona, goli halikuhesabiwa. England wakafa 4-1. Bado linaniuma, nami si Mwingereza. Kilio kile ndicho kilichosukuma teknolojia ya mstari wa goli, na Ligi Kuu England wakaanza kuitumia msimu wa 2013/14.

Kocha anayetimuliwa kila mahali unamteteaje? (Msomaji, Mombasa)

Ndugu yangu, angalia alichokikuta. Chelsea, 2019, klabu imefungiwa kusajili. Akawaamini vijana, Mason Mount, Reece James na Tammy Abraham, akamaliza wa nne. Januari 2021 akafukuzwa. Miezi minne baadaye Chelsea wakabeba Ligi ya Mabingwa kule Porto, James akiwa beki wa kulia na Mount akitoa pasi ya goli pekee la Kai Havertz. Everton aliwanusuru kushuka daraja Mei 2022: walikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Crystal Palace hadi mapumziko, wakashinda 3-2. Nakubaliana nawe kwamba kurudi Chelsea kama kocha wa muda 2023 lilikuwa kosa, mechi 11, ushindi mmoja. Lakini Novemba 2024 aliichukua Coventry ikiwa ya 17 Championship, daraja la pili England, ikamaliza ya tano. Sunderland waliwatoa kwenye mchujo wa kupanda Ligi Kuu kwa goli la kichwa, dakika ya 122.

Lampard au Gerrard? (Msomaji, Bujumbura)

Kwa pasi ndefu na kuibeba timu mabegani, Steven Gerrard, yule kiungo wa Liverpool. Kwa goli ninalolitaka dakika ya 80, Lampard.