Usimwage lami juu ya kutu, chukua bisibisi kwanza

Simamisha hiyo kazi leo hii. Umesema kutu imetoboa maboksi ya bati yanayopita chini ya milango ya gari lako na kingo za madigadi ya nyuma, na fundi amekushauri upake dawa ya kugeuza kutu, ujaze fila (ile lipu ya kusawazisha bodi), halafu umalize kwa lami nyeusi chini kote. Huo ushauri ni wa mtu anayetaka gari litoke gereji likiwa linang'aa. Mvua za mwakani si shida yake, ni zako.

Lami ndiyo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Ikikauka inapasuka nyufa za unywele, maji yanaingia na hayatoki tena. Kutu inahitaji maji na hewa tu. Umeipa vyote viwili na ukaifunika isionekane. Chokonoa lami ya namna hiyo kwa ncha ya bisibisi: inabanduka kipande kizima kama ngozi, na upande wake wa ndani umebeba magamba ya kutu yenye unyevu hata kama mvua iliisha wiki iliyopita. Bati lililobaki juu linapenyeka kama kadibodi. Kiraka ambacho kingekuwa cha upana wa kiganja sasa ni boksi zima, pamoja na ukingo wa sakafu.

Na hiyo dawa? Ina asidi ya fosforiki au tanini, na inafanya kazi kweli, ila kwenye kutu nyembamba iliyong'ang'ania chuma baada ya brashi ya waya kupita. Kwenye magamba inageuza juu tu kuwa jeusi, chini pamebaki pekundu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo itaendelea kuvimba na kuinua rangi. Fila nayo inanyonya maji. Ukiijaza kwenye tundu, inakunywa kwa nyuma, na malengelenge yanatokea mbele. Anayekwambia fila inaziba tundu la kutu anakudanganya, sina lugha laini ya kusema hilo.

Kanuni ni moja: kata mpaka ufike kwenye bati zima. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia, bovu linatoa mdundo uliokufa. Palipokufa choma kwa ncha, zungushia chaki, kisha ongeza sentimita 2 au 3 ndani ya bati zuri. Hapo ndipo pa kukata.

Lakini maboksi hayo ndiyo yanayobeba bodi. Ukiyakata gari likiwa limening'inia kwenye jeki moja, bodi inalegea na mlango haufungi tena. Weka gari kwenye stendi nne, sawasawa, chomelea nondo au bomba kukingama tundu la mlango, pima nafasi za mlango uziandike, na fanya upande mmoja umalize kabla ya kugusa wa pili. Betri itolewe. Viti, zulia, tangi la mafuta na mipira yake vitoke kabisa. Tangi tupu lina mvuke, nao ndio unaolipuka.

Kiraka cha boksi kiwe bati la milimita 1, waya wa kuchomelea wa milimita 0.6, mashine ya MIG, yaani ya umeme inayosukuma waya huku ikipuliza gesi. Piga nukta moja hapa, nyingine mbali, zikiachana kama sentimita 3, subiri bati lipoe mpaka uliguse kwa mkono, ndipo urudi kujaza katikati. Ukivuta mstari mmoja mrefu bati linajikunja, na hapo utaanza kutafuta fila nyingi ya kuficha mawimbi.

Bati likishang'aa usilale nalo. Kwenye hewa yenye unyevu linaanza kushika kutu ndani ya saa chache, na alama za vidole zinaharakisha. Futa kwa kitambaa chenye asitoni, kausha kwa kingine kabla haijakauka yenyewe, piga praima (rangi ya kwanza) ya epoksi siku hiyohiyo. Praima ya kawaida inapitisha maji, usitegemee hiyo. Na epoksi nyingi hazitaki mabaki ya asidi chini yake, kwa hiyo palipopita ile dawa ya kugeuza kutu soma kopo la epoksi kwanza. Fila inakuja juu ya epoksi iliyokwaruzwa kwa msasa, isizidi milimita 3.

Nta ya kuzuia kutu inayopulizwa ndani ya boksi ni ya mwisho kabisa, baada ya kuchomelea na rangi, maana moto unaiunguza. Ingiza mpira mrefu wenye ncha inayorusha pande zote, vuta taratibu mpaka nta idondoke kwenye matundu ya chini ya kutolea maji. Kesho yake pitisha waya kwenye kila tundu. Likiziba, boksi linageuka ndoo.

Rangi na kromu ya bampa ulizouliza zinaweza kusubiri. Gonga kwanza, halafu andika ni sehemu ngapi zimetoa mdundo uliokufa na ziko wapi, tujue kama bado ni viraka au ni boksi zima.