Jina kwanza, rangi baadaye

Mwanangu,

Salaam kutoka Ngamiani. Sote wazima, na mguu wa baba yako una nafuu.

Umeniuliza kama kwa maombi yako ya chuo cha biashara cha NYU Stern, kule New York, upeleke picha sita za simu au uchore kanga sita, kila moja na pindo lake, mji wake wa katikati na jina lake, yale maneno yaliyoandikwa. Masharti uliyotuma dada yako kanisomea: utangulizi mfupi, picha sita, na kila picha na sentensi moja ya kukueleza kwa wanafunzi wenzako. Michoro inaruhusiwa. Kitu cha kushika mkononi hakipokelewi, yote yawe faili moja la PDF. Basi ile kanga niliyokwisha kukukunjia nimeirudisha kabatini.

Kuchora unajua, hilo halina mjadala. Mimi nataka kujua utaandika majina gani.

Umekulia kwenye meza yangu pale sokoni. Mteja huvutwa na rangi, lakini akishaishika doti huitandua mpaka akutane na jina. Husoma midomo ikicheza, bila sauti, ndipo aulize bei. Jina likimgusa, hata rangi asiyoipenda ataichukua. Jina kwanza, rangi baadaye. Nalisema tangu hujaanza shule.

Na lile shairi unalijua. Babu yako, Mungu amrehemu, aliniandikia maombi ya mkopo kwa beti. Yule bwana wa ile ofisi akawasomea wenzake kwa sauti, wakacheka, nami nimesimama pale mkoba kifuani. Kumbe ndani ya beti zile mlikuwa na kila kitu: doti ninazochukua kwa jumla, ninazouza taslimu, ninazokopesha, ninaodaiwa nao. Mizani nane kwa nane, na hesabu haikupotea hata senti. Wao walisikia vina tu. Mpaka leo nikipita mbele ya jengo lile natazama upande wa pili.

Ndiyo maana moyo unaniambia nikwambie upeleke picha za simu, watu wasipate cha kuchekea. Kisha najijibu: hawa wameomba picha wenyewe, yule bwana hakuomba shairi. Tena mkopo niliupata kwingine kwa karatasi ileile. Mama yule aliisoma mara mbili, akaniuliza bei ya jumla. Shairi halikuwa na kosa lolote, na babu yako alistahili kusomwa hivyo tangu mwanzo.

Ila majina ya kanga za dukani usiazime. Hayo ni ya kila mtu. Watajua Waswahili husemaje, wewe hawatakujua. Ile siku ya Korogwe ulipokataa kusaini karatasi za mkonge mpaka wakulima wapimiwe upya, bosi wako akakununia, ile haimo kwenye kanga yoyote. Iandike wewe, kwa sentensi moja, kama ilivyotokea. Na jina hilo ukilipata, mimi ningechora... hapana, nanyamaza, maombi ni yako.

Nitumie kwanza majina sita matupu, bila mchoro hata mmoja. Nitayasoma kesho nikishafunga meza, kabla hujamwonyesha baba yako.

Mama yako