Mwaka wa pili kwa hanga na bado naosha ndege, nivumilie ama niache?

*Injinia, salamu sana. Mimi ni kijana wa miaka 23, nakaa South B, nilimaliza diploma ya ufundi wa ndege nikapata nafasi ya mwanagenzi kwa hanga moja (karakana ya ndege) hapo uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na sasa niko mwaka wa pili. Kazi ninayopewa mara mingi ni kuosha ndege, kufagia, kushika tochi na kukimbilia spana, pesa ni ya nauli na chakula tu, na wenzangu tuliosoma pamoja washaenda kuuza simu tauni wananishinda mapato. Halafu juzi sapavaiza akaniambia nisaini kadi ya kazi ambayo sikufanya mimi, alifanya mwingine akaenda zake, na ndege ilikuwa inangojewa. Nikakataa kwa upole, akapata mtu mwingine, na tangu siku hiyo haniongeleshi vizuri. Nivumilie ama niache? Na hii lisensi inachukua muda gani?*
Mwanagenzi, South B

Kijana wangu, wacha nianze na hiyo kadi manake hayo mengine yote yanaweza kungoja. Ulifanya vizuri kukataa na usikubali mtu akufanye uone ulikuwa na kiburi. Sahihi yako kwa kadi inasema mimi nilifanya hii kazi kwa mikono yangu, kwa hivyo kama hukufanya basi umeandika uongo, na anayeulipia ni abiria amekaa kiti cha nyuma na mtoto wake.

Nikupe kisa ambacho kila mwanagenzi anafaa kukijua. Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways, BAC One-Eleven, ilitoka Birmingham ikielekea Málaga, na kabla hata chai haijaisha kupeanwa kioo cha mbele upande wa kapteni kikang'oka, kapteni akavutwa nje kuanzia kiuno, wahudumu wakamshikilia miguu hadi rubani mwenzake akatua Southampton. Kapteni aliishi, na kwa kweli ukiisoma ripoti unashangaa vile aliishi. Kioo kilikuwa kimebadilishwa usiku, saa 27 hivi kabla ya safari, na bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa. Aliyezifunga alichukua za zamani akazilinganisha na mpya kwa macho, hakufungua katalogi ya vipuri, na akasaini mwenyewe bila mtu wa pili kukagua. Huyo hakuwa mwanagenzi kama wewe, alikuwa msimamizi wa shifti mwenye uzoefu wa miaka, na haraka ya usiku ndo ilimshinda. Kwa hivyo sapavaiza akikuambia ndege inangojewa, mjibu kwa heshima, "Bosi, nionyeshe hiyo kazi niikague na wewe, halafu aliyeifanya asaini." Akikasirika ni sawa, atapoa. Akirudia tena, nenda kwa mtu wa ubora, yule anayesimamia kazi ifanywe inavyotakiwa, kila hanga iliyoidhinishwa huwa naye.

Sasa hiyo ya kuosha. Najua inaumiza ukikumbuka masomo uliyofanya, lakini usioshe kama mtu wa gari. Ukiwa na kitambaa chini ya tumbo la ndege wewe ndo uko karibu na chuma kuliko injinia yeyote wiki hiyo. Ribiti (ule msumari unaoshikanisha mabati ya ndege) iliyolegea huacha mstari mweusi nyuma yake kule upepo unakoelekea. Doa la bluu chini ya bawa la ndege ya pistoni ni avgas, petroli ya ndege, inavuja, doa jekundu kwa mguu wa gurudumu mara nyingi ni mafuta ya hidroliki. Hizi ndege ndogo za Cessna Caravan zinazotua viwanja vya murram huko Mara hurudi na mawe yamechapa propela, pitisha kidole polepole kwa ukingo wa mbele (injini ikiwa imezimwa kabisa na umeambia wenzako) utaisikia ile chapa kabla ya kuiona. Ukiona kitu usinyamaze na usikiguse, ita injinia umuulize hii ni nini na kitabu kinaruhusu kiasi gani. Ukiuliza hivyo wiki baada ya wiki hawatakuacha na ndoo, nakuambia kwa sababu hata mimi nikitafuta wa kunisaidia kufungua injini namwita yule anayeona vitu.

Lisensi: kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, Kiambatisho cha 1, kinataka uwe na miaka 18 kwenda juu na uzoefu wa miaka 4 wa kufanya kazi ya ndege, ama miaka 2 kama ulimaliza kozi iliyoidhinishwa, halafu kuna mitihani. Kwetu anayetoa ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Hapo ndo vijana wengi huumia, miaka wanayo lakini hawana logibuku, daftari la kuandika kazi walizofanya. Kila jioni kabla hujapanda matatu andika tarehe, namba ya usajili wa ndege ile inayoanza na 5Y, kazi gani, sura gani ya manuali, na wewe ulifanya sehemu gani hasa, kisha upate sahihi ya injinia mwenye lisensi wiki hiyohiyo. Usingoje mwisho wa mwaka, mainjinia wetu wanahama, leo yuko Wilson kesho umesikia yuko Doha na hakuna wa kukusainia.

Kuhusu pesa sitakudanganya, ni kidogo na itakuwa kidogo kwa muda. Omba kikao na meneja, mwambie unataka kuzungushwa, miezi kadhaa injini, miezi kadhaa bodi na magurudumu. Kama baada ya hapo logibuku bado inasema kuosha na kufagia, hama hanga, usihame kazi.

*Injinia, binti yangu amemaliza fomu fo, anapenda hesabu na fizikia, anataka kutengeneza ndege. Majirani wananiambia hiyo ni kazi ya wanaume. Nimpeleke wapi?*
Mama, Kayole

Mama, huo uwanja wa Wilson wenyewe una jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929. Vitu vizito kwa hanga huinuliwa kwa jeki na winchi, hakuna anayebeba injini mgongoni. Anza kuulizia pale East African School of Aviation, Embakasi. Popote utakapoenda, uliza kabla ya kulipa hata shilingi moja kama kozi yenyewe ya ufundi imeidhinishwa na KCAA, na uonyeshwe karatasi, manake kuna vyuo tauni vina picha ya ndege mlangoni na ndani wanafundisha kukata tikiti na kuhudumia abiria. Hizo ni kazi nzuri pia, ila siyo anayoitaka yeye.

*Ule waya unaosokotwa kwa vichwa vya bolti kazi yake nini?*
Msomaji, Rongai

Kuzuia bolti isijifungue ikitetemeka. Husokotwa ukivuta upande wa kukaza, ukiona umevuta upande wa kulegeza kata uweke mpya, wa zamani hautumiwi tena, na vipande vyote ulivyokata viokote.