Jibu: Wanajuaje RSV imesambaa kwa watoto?

Mkuu, umeuliza wataalamu wanajuaje RSV (kirusi kinachoshambulia njia ya hewa) imeenea, maana huko Igoma kila nyumba mtoto anakohoa. Kikohozi peke yake hakitoshi. Mafua ya kawaida, influenza na RSV kwa macho vinafanana. Vituo vichache vilivyoteuliwa huchukua sampuli puani, maabara inapima kwa PCR (kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi), kisha inaangaliwa kila wiki ni asilimia ngapi ya waliopimwa wamekutwa nayo. Idadi tupu inadanganya: ukipima wengi, utapata wengi.

Kuna mtego hapo. Ufuatiliaji wa influenza chini ya WHO (Shirika la Afya Duniani) unadai homa ya nyuzi 38, lakini kichanga anaweza kuwa na RSV bila homa kabisa. Kwa hiyo kwa RSV sharti la homa huondolewa, na kwa walio chini ya miezi 6 hata kukatika pumzi kunahesabiwa.

Ukali wa ugonjwa ni hesabu nyingine: kati ya waliolazwa, wangapi walihitaji oksijeni, wangapi ICU (chumba cha wagonjwa mahututi).

Wewe nyumbani mvue mtoto shati akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Kuanzia 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa miezi 2 hadi 11, 40 kwa mwaka 1 hadi 5, hizo ni za haraka mno, mpeleke akaonwe. Akivuta pumzi na sehemu ya chini ya kifua ikabonyea ndani, au akishindwa kunyonya, ondoka usiku huohuo. (Na hizo antibayotiki za duka la dawa haziui kirusi.) Walioko Ukerewe msisubiri kivuko cha asubuhi, anzieni kituo cha karibu chenye oksijeni.